Njia nne za kupata dhahabu katika Old School RuneScape: ipi inakufaa?

Kila mchezaji wa Old School RuneScape, mchezo wa mtandaoni unaochezwa na watu wengi kwa pamoja, hufikia siku ambayo upinde anaoutamani unauzwa kwa mamilioni ya sarafu, ilhali yeye amebakiwa na elfu chache baada ya kununua chakula cha safari. Hapo hutafuta mwongozo, na karibu kila mwongozo anaoupata huzipanga njia za kujipatia dhahabu kwa kufuata kiasi cha sarafu kwa saa, kutoka kikubwa hadi kidogo. Hesabu hizo kwa kawaida si za uongo, lakini zimepimwa na mtu aliyekwisha kutimiza masharti yote, aliyekwisha kununua silaha zote, na ambaye saa yake moja ni dakika 60 kamili, bila kuitwa dukani wala kukatikiwa umeme. Anayecheza kwa simu, kwa vipande vya dakika 20, huenda asifikie hata nusu ya kiasi hicho, na pengine angepata zaidi kwa njia iliyowekwa mkiani mwa orodha.

Kwa hiyo ulinganisho huu hauanzi na kile ambacho kila njia hulipa, bali na kile ambacho kila njia hudai. Mchezo wenyewe ni wa kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Ulifunguliwa tarehe 22 Februari 2013 kutokana na nakala ya RuneScape iliyohifadhiwa Agosti 2007, na tangu tarehe 30 Oktoba 2018 unachezwa pia kwenye simu, kwa akaunti ileile ya kompyuta. Uzee wa michoro yake ni faida kwetu, kwa kuwa simu ya kawaida huubeba bila kuchemka.

Njia zenyewe ni nne. Ya kwanza ni ukusanyaji, yaani kuvua samaki, kukata magogo au kuchimba madini na kuuza kilichopatikana. Ya pili ni kilimo cha mitishamba. Ya tatu ni kupigana na mabosi, yale mazimwi makubwa yanayoangusha ngawira. Ya nne ni uchuuzi katika Grand Exchange, soko kuu lililo kaskazini-magharibi mwa mji wa Varrock, ambako wachezaji wote hununua na kuuziana bila kuonana. Zote nne zitapimwa kwa mambo manne: masharti na mtaji wa kuanzia, umakini na mtandao unaohitajika, uthabiti wa mapato, na hatari ya kupata hasara.

Masharti na mtaji

Ukusanyaji ndio mlango ulio wazi zaidi. Mchezaji asiyelipia uanachama anaweza kupanda meli kutoka Port Sarim kwa nauli ya sarafu 30, akashuka kisiwani Karamja, na kutega kambakoche kwenye gati la Musa Point akishafika ngazi ya 40 ya uvuvi. Chombo anachohitaji ni dema moja tu. Magogo ya myuu (yew) hukatwa kuanzia ngazi ya 60, na hayo pia hayahitaji malipo. Mkoba una nafasi 28, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni kwenda na kurudi benki, jambo ambalo mwanzoni huchosha kuliko uvuvi wenyewe.

Kilimo kinahitaji uanachama. Ukishaupata, masharti ni mepesi: mtishamba wa guam hupandwa kuanzia ngazi ya 9, na ranarr, ambao ndio wakulima wengi huukimbilia, kuanzia ngazi ya 32. Mtaji ni mbegu na mbolea. Mashamba ya Catherby, Ardougne na Falador yapo wazi kwa kila mwanachama, na mengine hufunguka kadiri unavyomaliza visa vya mchezo (quests), yaani hadithi zenye kazi za kutimiza.

Mabosi hudai zaidi ya yote. Ili kumfikia joka Vorkath katika kisiwa cha Ungael ni lazima umalize kisa cha Dragon Slayer II, ambacho hakianzi mpaka uwe na alama 200 za visa, ngazi ya 75 ya uchawi na ngazi za kutosha katika ujuzi mwingine kadhaa. Nyoka Zulrah ana masharti madogo zaidi kwenye karatasi, kwa kuwa anahitaji ufike mahali fulani katika kisa cha Regicide, lakini asiye na mavazi mazuri ya uchawi na ya mishale atarudi mikono mitupu. Masharti haya ni kazi ya miezi kwa mtu mwenye shughuli zake, na miongozo ya sarafu kwa saa haiihesabu miezi hiyo.

Uchuuzi hauna ngazi wala kisa. Unachodai ni dhahabu yenyewe, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa maana mwenye sarafu 100,000 hata akipata faida ya asilimia tano amepata 5,000 tu. Mwanachama huwa na nafasi nane za kuweka oda sokoni, asiye mwanachama ana tatu, na kila bidhaa ina kikomo cha idadi inayoweza kununuliwa kwa saa nne.

Umakini, muda na mtandao

Seva za mchezo huu hupiga hatua moja kila baada ya sekunde 0.6, na kila kitendo, iwe ni kupiga, kula au kusogea, hufanyika kwa mapigo hayo. Jambo hili humsaidia mchezaji wa Mombasa au Bujumbura kuliko anavyofikiri. Dunia nyingi za mchezo, yaani seva zake, zimewekwa Uingereza, Ujerumani, Marekani na Australia, na amri yako huchelewa njiani kwa sehemu ya sekunde, lakini ikifika kabla ya pigo linalofuata hujapungukiwa na kitu. Katika michezo ya kulengana bunduki kuchelewa huko kungekumaliza. Hapa tatizo si umbali wa seva, bali mtandao unaokatika kabisa.

Mabosi ndio huumizwa zaidi na kukatika huko. Zulrah hubadilika rangi mara kwa mara: akiwa wa kijani hushambulia kwa mishale, akiwa mwekundu hupiga kwa mkia, na akiwa wa buluu hutumia zaidi uchawi. Mabadiliko hayo hufuata mizunguko minne, na mchezaji hutakiwa kuutambua mzunguko mapema, abadilishe sala ya kinga, abadilishe mavazi, na ahame mahali alipo kabla sumu haijamfikia. Vorkath naye hurusha juu mpira wa moto ambao usipoukwepa hukuua papo hapo. Mtandao ukikatika wakati huo, mhusika wako hubaki amesimama mbele ya zimwi kwa muda, akipigwa. Nimewahi kuwa katika mzunguko wa mwisho wa Zulrah, nyoka amebakiza damu kidogo, umeme wa mtaa mzima ukazimika pamoja na ruta. Niliporudi nilikuwa nimekwisha kufa.

Ukusanyaji uko upande wa pili kabisa. Unabonyeza mti, unasubiri, unatazama simu kila baada ya muda, na mtandao ukikatika umepoteza magogo machache tu. Unahitaji muda mrefu lakini hauhitaji akili yako yote, kwa hiyo unaweza kufanywa huku unasikiliza mpira redioni.

Kilimo kina hesabu ya namna yake, nacho ndicho nadhani wachezaji wa kwetu hukidharau bila sababu. Mitishamba huiva kwa takriban dakika 80, iwe umeingia mchezoni au hukuingia. Unazunguka mashamba, unavuna, unapanda tena na kuondoka. Mwenye kuzifahamu njia za mkato za uchawi humaliza mzunguko kwa dakika chache. Baada ya hapo unakwenda kazini, bando limezimwa na chaji haitumiki, huku mimea inakua. Ukikigawa kipato cha kilimo kwa dakika ulizocheza kweli, kinasimama bega kwa bega na kazi nyingi zenye sifa kubwa kuliko yake. Ukijaribu kukifanya saa tatu mfululizo, utakuta mashamba yote hayajaiva na huna la kufanya. Njia hii huwalipa watu wasio na muda.

Uchuuzi nao hauhitaji ukae ndani. Oda uliyoiweka huendelea kusubiri mnunuzi hata ukiwa umelala. Muda wake halisi hutumika nje ya mchezo, katika kufuatilia bei, na ukurasa wa bei za papo kwa papo wa tovuti ya Old School RuneScape Wiki hufunguka vizuri hata kwenye kivinjari cha simu.

Uthabiti wa mapato

Katika kigezo hiki ndipo orodha za sarafu kwa saa huwapotosha wasomaji zaidi, hasa kuhusu mabosi, kwa sababu wastani wa ngawira si ahadi.

Miongoni mwa vitu vya thamani vinavyoangushwa na Zulrah limo jino linaloitwa kwa jina la tanzanaiti, jiwe ambalo katika dunia halisi huchimbwa Mererani, Simanjiro, wala si mahali pengine. Uwezekano wa kulipata katika ushindi mmoja ni takriban 1 kati ya 512. Wengi huisoma namba hiyo kana kwamba baada ya kushinda mara 512 jino ni haki yao. Hesabu haisemi hivyo. Kati ya wachezaji 100 watakaomshinda nyoka huyo mara 512 kila mmoja, takriban 37 watakuwa hawajaliona jino hilo hata mara moja. Wakiendelea hadi mara 1,024, bado wapatao 13 hivi watakuwa mikono mitupu, na mchezo hauna kumbukumbu ya kuwahurumia, kwa kuwa kila ushindi huanza upya na uwezekano uleule. Zulrah ana vitu vingine vya nadra, na ngawira yake ya kawaida si haba, kwa hiyo hakuna anayetoka bila chochote. Hata hivyo, wastani unaotangazwa umechanganya wenye bahati na wasio na bahati, na wewe utakuwa mmoja tu kati yao.

Vorkath ni tofauti kidogo. Kila anapouawa huangusha mifupa miwili ya joka ya daraja la juu na ngozi mbili za joka la buluu, bila kubahatisha. Vitu vyake vya nadra ni vya nadra kwelikweli, baadhi vikiwa 1 kati ya 5,000, lakini mchezaji mwenye busara huvihesabu kama zawadi na kuishi kwa mifupa. Anayeogopa bahati nasibu, na aliyekwisha kutimiza masharti, atapata usingizi zaidi kwa Vorkath kuliko kwa Zulrah.

Kilimo kina ubahatishaji mdogo: shamba hili hutoa mitishamba mingi, lile michache, na moja hufa kwa ugonjwa, ila kwa mashamba manne au matano kwa siku kadhaa tofauti hizo husawazika. Bei ya ranarr nayo ina mhimili imara, kwa kuwa ndio kiungo cha dawa ya kurudisha nguvu za sala, na dawa hiyo hunywewa na haohao wanaopigana na mabosi. Maadamu kuna watu wanakufa kwa Zulrah, mkulima ana soko.

Ukusanyaji hutoa kiasi kilekile kila saa, lakini bei yake ndiyo inayolegea. Kazi rahisi kwa binadamu ni rahisi pia kwa programu za roboti, ambazo huvua usiku na mchana na kumwaga shehena sokoni. Jagex hufungia akaunti hizo, nazo huzaliwa upya. Ndiyo maana mvuvi wa kambakoche hufanya kazi ya kutwa na kupata fedha ambayo mwenye mabosi huiona ndogo.

Kuhusu uchuuzi, uthabiti hutegemea bidhaa. Vitu vinavyotumika na kuisha, kama runi (vijiwe vinavyotumika kufanya uchawi), risasi na vyakula, huuzwa haraka kwa faida ndogo. Silaha za bei kubwa hutoa faida nono siku moja, kisha hukaa wiki nzima bila mnunuzi.

Hatari ya hasara

Katika ukusanyaji na kilimo hasara ni ndogo: mbegu moja iliyooza, saa moja iliyopotea. Kwa mabosi, mhusika akifa nje ya nyika ya Wilderness hubaki na vitu vyake vitatu vya thamani kubwa. Katika mapambano mengi vilivyosalia hukaa kaburini kwa dakika 15, na muda huo ukiisha huhamia katika ofisi ya Mauti, ambaye katika mchezo huu ni mtumishi mwenye meza na ada zake. Ndani ya Wilderness mambo ni mengine, kwani huko wachezaji huuana na aliyekuua huondoka na mali yako. Usiingie huko na kitu ambacho huwezi kukinunua tena.

Mchuuzi hafi, lakini anaweza kufilisika. Kuanzia Desemba 2021 Grand Exchange hukata kodi kwa muuzaji, awali asilimia 1, na tangu 2025 asilimia 2, kwa kikomo cha sarafu milioni 5 kwa kitu kimoja. Chukua mfano wa kitu ulichonunua kwa 10,000,000: usipokiuza kwa zaidi kidogo ya 10,204,000 umekula mtaji wako mwenyewe. Wachuuzi wapya huona pengo la laki moja kati ya bei ya kununua na ya kuuza wakadhani wameokota, kumbe kodi peke yake imelizidi pengo hilo. Hatari ya pili ni masasisho ya mchezo. Tangazo moja kwamba silaha fulani itapunguzwa nguvu hutosha kuangusha bei yake kabla hujafungua simu.

Ipo njia ya katikati inayostahili kutajwa hapa, nayo ni alkemia ya juu, uchawi wa ngazi ya 55 unaogeuza kitu kuwa sarafu kwa asilimia 60 ya thamani yake rasmi. Kila ugeuzaji hula runi moja ya asili na tano za moto, ingawa fimbo ya moto hukuondolea gharama ya hizo tano. Deraya ya runaiti, madini ya mchezo huu, hutoa sarafu 39,000 daima, kwa hiyo ukiipata sokoni kwa bei ambayo pamoja na runi haifiki hapo, faida ni yako na haikatwi kodi. Kizuizi ni kikomo cha kununua deraya 70 kwa saa nne. Ni uchuuzi wenye sakafu chini yake, nao humfunza mtu kupiga hesabu kabla hajaingia katika silaha za mamilioni.

Kile ambacho hakimo katika ulinganisho huu

Kununua au kuuza dhahabu ya mchezo kwa fedha halisi nje ya mfumo wa Jagex ni marufuku, na adhabu yake huweza kuwa kupoteza akaunti. Mwishoni mwa miaka ya 2010, uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, baadhi ya raia wake walijulikana kwa kuwinda majoka ya kijani na kuuza dhahabu yake ili wapate mahitaji ya nyumbani, na ni vigumu kuwalaumu. Lakini akaunti zao zilifungiwa kama za wengine. Njia halali ni hatifungani ya mchezo, ambayo mtu huinunua kwa fedha na kuwauzia wachezaji wengine kwa sarafu, nao huitumia kupata siku 14 za uanachama. Na mtu akikuita pembeni mwa Grand Exchange akidai kukuzidishia dhahabu mara mbili, umekwisha kuwaona ndugu zake katika upatu.

Uchague kwa hali yako

Ikiwa hujalipia uanachama na hujui kama utaupenda mchezo, anza na ukusanyaji. Utajifunza ramani, utapata mtaji wa kwanza, na ukiacha hutakuwa umepoteza kitu. Usikae huko, hata hivyo, ukishaingia uanachama, isipokuwa kama unachotaka ni utulivu wenyewe, na wako wengi wanaocheza kwa ajili hiyo tu.

Ikiwa una kazi au masomo, bando la kuhesabu, na unaingia mchezoni asubuhi na usiku kwa dakika chache, kilimo kitakufaa kuliko vyote. Lengo linalopimika ni kupata hatifungani moja kila baada ya siku 14, ili dhahabu ijilipie uanachama. Angalia bei yake sokoni, igawe kwa mizunguko unayoweza kuifanya kweli, ndipo ujue kama unahitaji kuongeza alkemia kidogo.

Ikiwa una saa mbili au tatu za usiku bila usumbufu, mtandao usiokatika, na unafurahia kushindwa mara ishirini ili ujifunze, nenda kwa mabosi. Mwenye mtandao wa mashaka afanye mazoezi kwa mavazi ya bei nafuu kwanza. Kati ya wawili hao, Vorkath ni wa anayetaka mshahara na Zulrah ni wa anayeweza kuvumilia ukame.

Ikiwa tayari unazo sarafu milioni kadhaa zilizolala benki na unapenda hesabu kuliko mapigano, gawanya mtaji huo katika bidhaa nyingi ndogo kabla ya kugusa silaha moja kubwa, na uiandike kodi katika kila hesabu. Mwenye mtaji mdogo asiharakishe kufika hapa.

Aliyechagua akaunti ya Ironman, ambayo hairuhusiwi kufanya biashara na wachezaji wengine, asome sehemu ya uchuuzi kwa kujiburudisha tu. Kwake ranarr si bidhaa bali ni dawa yake mwenyewe, jino la Zulrah si bei bali ni silaha atakayoishika, na karibu kila hesabu ya sarafu iliyo hapo juu aibadilishe iwe hesabu ya siku.